Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya safari ambayo wengi wetu tumeifanya au tutaifanya siku moja: kurudi kama mgeni katika mji uliokuwa nyumbani kwako, ukapokelewa, ukakaribishwa chakula nyumba hii na nyumba ile, kisha ukaaga na kurudi ulikohamia.

Akina mama wengi walioolewa wanalifahamu jambo hili. Baba watoto anahamishwa kazi, mnafunga mizigo, mnaacha majirani, kanisa, shule ya watoto na hata mti wa mpapai mlioupanda kwa mikono yenu. Miaka inapita. Siku mnaporudi kutembea, kila mtu anataka mle kwake. Ni furaha kubwa. Lakini ndani ya furaha hiyo ipo kazi na yapo matumizi, na mgeni asipoyaangalia, mzigo wote humwangukia mama wa nyumba peke yake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huwa tunaisema kwa kicheko, hasa kuku anapochinjwa na watoto wa nyumba wakapata minofu ambayo hawajaionja mwezi mzima. Sisi tulio katika kazi ya uuguzi neno kupona hatulipiti hivi hivi. Mgonjwa akitoka wodini tunajiuliza, je, huyu amepona kweli au amepata nafuu ya siku moja tu? Basi na mgeni naye ajiulize vivyo hivyo. Akishapanda basi na kupunga mkono, mama aliyempikia hubaki amepona, au hubaki na mgongo unaouma na deni la kulipa?

Jiji lililotufundisha kupika

Mwezi Juni 2024, watoto wakiwa likizo, tulifunga safari kutoka Dodoma kwenda Tanga. Tulipita Morogoro, Chalinze na Segera, na tulipofika Muheza tukanunua machungwa dirishani kama tulivyozoea zamani. Tulikaa Tanga siku nane, tukifikia kwa shemeji yetu kule Sahare, na katika siku hizo tulikula katika nyumba sita zaidi ya ile tuliyofikia.

Tanga ndiko ndoa yetu ilikokulia. Sisi tulilelewa Njombe, kwenye mahindi, maharage na viazi, na tulikwenda Tanga mwaka 2002 tukiwa tumefunga ndoa miezi mitatu tu iliyopita. Nazi tulikuwa tunaijua kwa kuiona dukani. Tulikaa miaka 15, hadi baba watoto alipohamishiwa Dodoma mwaka 2017. Watoto wetu wote wawili walizaliwa Tanga, na mkubwa mpaka leo huongea kwa lafudhi ya Makorora anapokasirika.

Mji ule umezoea kulisha wageni. Ujenzi wa reli kutoka bandari ya Tanga ulianza mwaka 1893, na mwaka huo huo miche ya mkonge ililetwa na kupandwa upande wa Pangani. Mashamba ya mkonge yalipopanuka yalihitaji watu wengi wa kukata, na hao walioitwa manamba walitoka kusini, Nyanda za Juu, magharibi ya nchi na hata Burundi. Waliwakuta Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wasambaa na Wazigua, pamoja na Waarabu na Wahindi wenye maduka. Ndiyo maana jirani yako wa kulia akipika bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa samaki, wa kushoto anasonga ugali wa mahindi kwa dagaa, na wa nyuma anakaanga chapati. Ukikaa Tanga muda mrefu unajifunza kula kwa watu, na unajifunza kupika vya watu.

Tulipohama mwaka 2017 ndio mwaka ambao jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda liliwekwa kule Chongoleani. Tuliporudi, majirani walitueleza kwamba wageni wa kazi wameongezeka mjini na kodi za nyumba zimepanda. Tunalitaja hili kwa sababu moja. Mtu anayerudi mahali alipoishi huwa amebeba bei za zamani kichwani. Anakumbuka fungu la changu lilikuwa kiasi gani, nazi kiasi gani, na akiona sinia limejaa hudhani limemgharimu mwenyeji kama lilivyokuwa likimgharimu yeye zamani. Siku ya pili tu tulikwenda sokoni Mgandini na shemeji yetu, tukauliza bei ya mchele, nazi, mafuta na samaki. Tunawashauri nanyi mfanye hivyo kabla ya kukubali mwaliko wa kwanza. Ukijua bei za sokoni utaitazama sahani uliyopakuliwa kwa heshima zaidi.

Sahani ya Idi

Katikati ya mwezi ule iliangukia Idi el-Hajj, na siku hiyo tulialikwa na majirani zetu wa zamani wa Makorora. Wao ni Waislamu nasi ni Wakristo. Kwa miaka yote tuliyokaa pale, siku ya Idi sahani ilitoka kwao kuja kwetu, na siku ya Krismasi ilitoka kwetu kwenda kwao. Kuku wetu wa Krismasi tulimwomba babu wa nyumba ile atuchinjie, ili chakula kikiiva pasiwepo wa kukitazama kwa macho tu.

Bibi wa nyumba ile ndiye aliyetufundisha wali wa nazi. Alitukalisha kwenye mbuzi tukakuna nazi mpaka vidole vikachubuka. Akatuonyesha kwamba tui jepesi hutangulia kuuivisha mchele na tui zito huja mwishoni, kisha makaa yanapaliwa juu ya mfuniko ili wali ukauke polepole. Mwaka 2004 tulipojifungua mtoto wa kwanza, mama yetu mzazi akiwa mbali Njombe, bibi huyo ndiye aliyekuja kila asubuhi kwa siku arobaini kumwogesha mtoto na kutunywesha uji wa pilipili manga. Alifariki mwaka 2021. Sisi tulikuwa Dodoma na tulituma rambirambi kwa simu.

Siku ile ya Idi tulikaribishwa ndani, wanaume wakatandikiwa jamvi barazani, na sisi wanawake tukakaa chumbani kuzunguka sinia la pilau. Mahali alipozoea kukaa bibi, karibu na mlango ili aone nani anapita, palikuwa wazi. Hakuna aliyekaa pale na hakuna aliyesema neno. Mama wa nyumba sasa ni mkwewe, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, anayepakua kwa haraka na kusisitiza kila mtu ale.

Tukamuuliza, "Mwanangu, siku hizi nani anawapalia wali kama alivyokuwa akipalia bibi?"

Akaacha tonge mkononi. Macho yakamjaa machozi. Akasema, "Nesi, tangu tulipomaliza arobaini, hakuna mtu aliyeniuliza habari zake."

Kisha akaanza kueleza. Alimuuguza mama mkwe miaka miwili baada ya kupooza upande mmoja. Alimgeuza kitandani usiku ili asipate vidonda, alimlisha kwa kijiko, alifua mashuka kila siku, na huku ana mtoto mchanga. Siku ya mazishi watu walimpa pole mumewe na mawifi zake, kwa maana wao ndio waliofiwa na mama. Yeye alikuwa jikoni akipikia waombolezaji. Aliongea karibu saa nzima. Pilau likapoa na hakuna aliyelijali.

Nasi tukamweleza asichokijua, kwa kuwa yeye aliolewa pale baadaye: habari za uji wa pilipili manga na zile siku arobaini. Tukamwambia kwamba mikono yake imemfanyia bibi yale yale ambayo mikono ya bibi ilitufanyia sisi. Wifi yake mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasogea akamshika bega, akasema, "Wifi, sikuwahi kukushukuru." Sisi tunaamini kwamba neno hilo ndilo lililokuwa karamu ya siku ile.

Dada mpendwa, unaporudi mji uliohama utakuta waliofariki. Mara nyingi tunaogopa kuwataja mezani tukidhani tutaharibu chakula. Ukweli ni kwamba aliyefiwa hajamsahau marehemu kwa sababu wewe umenyamaza. Mtaje kwa jina, sema jambo moja jema unalolikumbuka, kisha nyamaza usikilize. Muulize pia aliyemuuguza anaendeleaje. Majirani wa kila siku huenda wamechoka kusikia au wanadhani yameshapita. Mgeni anayo nafasi ya kuuliza upya.

Saa nane na nusu mchana

Siku ya tano tulikwenda Chumbageni kwa mama mmoja mstaafu, mkunga aliyetupokea kazini tulipokuwa wageni wa wodi. Ana miaka sabini na mbili. Tuliahidiana saa saba mchana, tukafika saa saba. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, piteni ndani." Nyumba ilinukia samaki wa kupaka tangu getini.

Chakula kilikuwa tayari, ila yeye aliona bado. Aliona wali na samaki havitoshi, akamtuma mjukuu wake kununua ndizi ili aongeze ndizi za nazi. Saa nane ikafika. Tukamwomba tule vilivyopo, akakataa katakata: watu wametoka Dodoma, walaje chakula cha aina moja? Ilipofika saa nane na nusu alitoka jikoni amebeba bakuli, na tuliona mikono yake inatetemeka. Uso ulikuwa umelowa jasho. Mjukuu akasema ni joto la jiko. Tukamuuliza ndizi zimeiva, akatujibu habari za mtu mwingine kabisa.

Sisi tulijua kwamba mama huyu ana kisukari na kwamba anajichoma insulini asubuhi na jioni. Tukamkalisha, tukamwuliza mjukuu bibi amekula nini tangu asubuhi. Chai ya rangi na nusu kipande cha muhogo, basi, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuanza kupika. Insulini alikuwa amejichoma kama kawaida. Tulitia vijiko vidogo vitatu vya sukari katika nusu glasi ya maji, tukamnywesha polepole huku akiwa na fahamu zake. Mjukuu akaleta kipimo cha nyumbani; kikasoma 3.1, na ikiwa chini ya 4 kwa mgonjwa anayetumia insulini hiyo ni hatari. Baada ya dakika 15 tulipima tena tukapata 4.9, jasho likakauka, naye akaanza kutugombeza kwa nini tumeacha chakula kinapoa. Hapo tukakaa wote mezani, na yeye akala kwanza.

Alipotulia alituambia neno ambalo akina mama wengi wa Kitanzania wangelisema: "Ningekulaje na wageni hawajala?"

Tulimjibu, "Mama, wageni hao wamekuja kukuona wewe."

Wapenzi wasomaji, dalili hizi mzikumbuke, maana nyumba nyingi siku hizi zina mtu mwenye kisukari: kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au ukali usio wa kawaida. Ikiwa mtu bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari haraka, kama maji yenye vijiko vidogo vitatu vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena kama kipimo kipo, na kama hajapata nafuu rudia. Akishapata nafuu ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu chochote mdomoni, maana kitaingia njia ya hewa. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali.

Mtu anayejichoma insulini hapaswi kusubiri mgeni ndipo ale. Saa ya kula kwake ni sehemu ya dawa. Mgeni anayelijua hilo ndiye wa kumsaidia, kwa kuwa mwenyeji mwenyewe huona aibu. Sema waziwazi, tena mbele ya watoto wa nyumba, "Leo mama ataanza kula, sisi tutamfuata." Vivyo hivyo kwa mwenye shinikizo la damu. Mwulize kama amemeza dawa zake asubuhi, kwa maana siku ya wageni ndiyo siku ya kusahau. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kidogo cha chai kwa vyakula vyote alivyokula siku nzima. Mchuzi wa sherehe mara nyingi hupita hapo peke yake.

Kuku wa mkopo

Nyumba ya nne katika zile sita ilikuwa ya rafiki yetu mjane, Mwanzange, tuliyeimba naye kwaya. Analea watoto wanne kwa kuuza vitumbua asubuhi mbele ya nyumba yake. Alitupokea kwa vigelegele. Mezani kulikuwa na kuku wa kienyeji, wali, kachumbari, matunda na kreti ya soda. Watoto wake walikula kwa adabu sana, ile adabu ya watoto walioonywa mapema, kila mmoja akichukua kipande kimoja na kutazama sahani yake.

Baada ya chakula tulikwenda nyuma kuosha vyombo na binti yake mkubwa, wa miaka kumi na minne. Mtoto hana siri. Akatuambia, "Mama amekopa kikoba, shilingi 60,000, ili mle vizuri." Marejesho ni 66,000 kwa miezi mitatu. Kitumbua kimoja anauza shilingi 200. Tulipiga hesabu pale pale mikono ikiwa kwenye maji: vitumbua 330, kabla hujatoa mchele, nazi, mafuta na mkaa.

Sasa hapo mgeni afanye nini? Kutoa pesa mfukoni na kumlipa mwenyeji gharama ya chakula ni kumrudishia sahani usoni. Amekupa heshima yake yote, nawe umeigeuza kuwa hoteli. Na tena binti angepigwa. Kwa upande mwingine, kunyamaza na kuondoka ukishukuru kwa chakula kitamu ni kumwacha alipe ugeni wako kwa miezi mitatu.

Jioni ile tulikaa na baba watoto tukashauriana. Nyumba mbili zilikuwa zimebaki kutualika, na pia tulikuwa na kikao cha wanawake wa kanisani tulichoombwa kuzungumza habari za afya ya mama na mtoto. Badala ya kununua soda na biskuti za kwenda nazo, tulimpigia simu rafiki yetu tukamwambia watu wa Dodoma hawajui vitumbua vya kweli, na kwamba tunahitaji 60 kwa kila nyumba, 150 kwa kikao na 100 vya kubeba safarini. Jumla 370. Tukamtumia fedha zote mapema kwa simu, kwa kuwa anahitaji kununua mchele na mafuta. Alicheka sana. Akasema, "Nesi, mtaolewa na vitumbua." Na kikaoni akina mama wawili walimwagiza kwa ajili ya sherehe ya kipaimara. Hatukutaja mkopo, wala yeye hakuutaja.

Kisha tukamwomba jambo la pili: siku ya mwisho tule kwake tena, ila iwe bada na dagaa wa nazi, kama enzi zile tulipotoka mazoezi ya kwaya hatuna nauli. Alisita. Tukamwambia tutakuja saa nne asubuhi kukuna nazi wenyewe. Siku hiyo tulikaa jikoni wote, watoto wakigombania kibao cha mbuzi, na safari hii walikula bila kutazama sahani zao. Rafiki yetu alikaa chini akala nasi tangu mwanzo. Siku ya kuku hakuwa amekaa hata mara moja.

Katika Biblia tunasoma habari za mjane wa Sarepta aliyemlisha nabii Eliya kwa unga wake wa mwisho, na ule unga haukupunguka. Sisi hatuna uwezo wa Eliya. Basi mgeni asiye na uwezo huo alitazame pipa la unga kabla ya kula, na atafute njia ya heshima ya kurudisha kitu ndani yake.

Mambo ya kukumbuka

Kwa yale tuliyoyaona katika nyumba hizo, tunapendekeza mambo yafuatayo kwa dada anayepanga kurudi kutembelea mji wake wa zamani:

1. Toa taarifa mapema, na sema idadi ya watu na saa. Mgeni wa kushtukiza humlazimisha mama kukopa kwa jirani.

2. Nyumba moja kwa siku inatosha kwa mlo mkubwa. Nyumba nyingine omba chai au maji na mazungumzo. Ukila nyumba tatu kwa mchana mmoja, ya tatu utaidonoa tu, na yule mama ataumia moyo baada ya kupika tangu alfajiri.

3. Taja chakula unachokikumbuka, kiwe cha kawaida. Ukisema "nimekumbuka mchunga wako" umempunguzia gharama na umempa sifa.

4. Ingia jikoni. Katika nyumba ngeni hilo halifai, lakini katika nyumba uliyoizoea ni haki yako. Mambo mazito mwanamke huyasema akiwa anamenya vitunguu, siyo akiwa anakaribisha watu sebuleni.

5. Uliza afya za watu wa nyumba kabla chakula hakijapakuliwa: nani anatumia dawa, nani ana saa maalumu ya kula.

6. Zawadi iwe ya jikoni: unga, mchele, mafuta, sabuni. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari usipeleke kreti ya soda. Zawadi mpe mama mwenyewe, pembeni, bila hotuba.

7. Usilinganishe nyumba. Usiseme kwa huyu ulivyokula kwa yule, wala usisifu mno ulikohamia.

8. Chakula kilichobaki kisikae mezani mpaka jioni. Kikipita saa mbili katika joto la pwani, hasa wali na samaki wa nazi, vijidudu huzaliana hata kama hakinuki. Saidia kukihifadhi mapema, au watoto wa jirani waitwe wale kingali cha moto.

Na wewe unayepokea wageni, tuna neno moja kwako. Pika unachoweza, meza dawa zako, kaa chini ule. Martha alimkaribisha Bwana nyumbani kwake kwa moyo mwema, na shida yake haikuwa chakula. Ilikuwa kuhangaika kwa mengi hadi akakosa kuwa pamoja na mgeni wake. Aliyesafiri saa kumi ndani ya basi ili akuone hatakumbuka idadi ya mabakuli. Atakumbuka kama mlipata nafasi ya kuongea.

Methali ya wahenga haisemi kwamba mwenyeji hupona kwa sababu mgeni amefika tu. Sisi tunaiona kama agizo kwa mgeni: njoo kwa namna ambayo mwenyeji atapona. Wako wanawake katika mji uliouacha ambao wameuguza, wamezika, wamekopa, na hakuna anayewauliza kwa sababu wanaonekana kila siku. Wewe unawajua tangu zamani na macho yako yametulia. Ukienda, kula chakula chao kwa shukrani, halafu kaa kidogo baada ya kunawa mikono.

Likizo ijayo haiko mbali. Kama umeshaanza kuweka akiba ya nauli, weka na kidogo kwa ajili ya pipa la unga la mtu. Tukutane mwezi ujao, tukijaliwa, tutakapozungumza juu ya kulisha mtoto anayekataa kula. Mungu awabariki.